Alama za njia, alama za jibu: chaguo la raundi ya kwanza lisahihishwe vipi?

Uliza Mwalimu: safu ya wasomaji, kutoka Kakamega

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: mtu akichagua mchezaji wa kwanza kwenye ligi ya marafiki, chaguo lile lapimwaje? Nimefurahi, kwa sababu jambo hili nalipenda na nimelifikiria sana.

Kwa msomaji mgeni, tunazungumzia ligi ya kuchagua kwa zamu. Mnakuwa marafiki kumi, tuseme, na pointi zenu zinatokana na mechi za kweli za Ligi Kuu ya Uingereza. Kila mmoja anachagua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Kwenye ule mchezo wa kawaida, Fantasy Premier League, mamilioni ya watu wanaweza kuwa na Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, kwa pamoja. Kwetu, akichukuliwa amekwenda. Hakuna bajeti, wala hakuna nahodha wa kuzidisha pointi mara mbili. Zamu inakwenda kama nyoka: anayechagua wa mwisho raundi ya kwanza ndiye anayeanza raundi ya pili. Hapa kwangu tunapanga zamu kwa visoda kumi nilivyoviandika nambari kwa rangi ya kucha. Tunavitikisa ndani ya sufuria, kila mtu anatoa chake.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimestaafu. Swali la alama tatu halisahihishwi kwa kutazama mstari wa mwisho peke yake. Kuna alama za njia na kuna alama za jibu. Mtoto aliyeandika mlinganyo sawasawa, akaufungua vizuri, kisha akateleza kwenye kujumlisha, humnyimi zote. Na aliyeandika jibu sahihi bila hatua hata moja, humpi zote. Chaguo la kwanza nalisahihisha hivyo hivyo, kwa kumi: sita za njia, nne za jibu. Njia ni yale uliyoweza kuyajua siku ile. Jibu ni yaliyotokea baadaye.

*

Mwalimu, hujambo? Sisi ni watu kumi, tunakutana kwenye kinyozi changu. Agosti 2024 nilitoa kisoda nambari 1, nikamchukua Erling Haaland. Msimu ukaisha Haaland ana pointi 181, na Mohamed Salah, aliyechukuliwa wa pili, ana 344. Tangu siku hiyo jina langu kwenye kikundi ni "Mia Sitini na Tatu". Wamenipa D. Je, ni haki?
Kinyozi, Kondele, Kisumu

Sijambo, ndugu yangu. Hiyo D siikubali, na nitakuonyesha kwa nini.

Turudi Agosti 2024, tukae kwenye kile kiti chako cha kunyolea, tusijue lolote la mbele. Haaland ametoka kuwa mfungaji bora misimu miwili mfululizo: magoli 36 msimu wa 2022/23, ambayo ni rekodi ya Ligi Kuu, kisha 27 msimu uliofuata. Salah wa Liverpool, ambaye mchezo ulimhesabu kama kiungo, ana miaka 32, mkataba wake umebakiza mwaka mmoja, na kocha aliyemjenga, Jürgen Klopp, ameondoka. Msimu uliotangulia Haaland alipata pointi 217, Salah 211. Tofauti ni sita tu.

Sasa weka na hesabu ya nafasi, ambayo wenzako wameiruka. Watu kumi mkichagua washambuliaji watatu kila mmoja, mnahitaji 30. Klabu za ligi ni 20, na nyingi zinaanza na mshambuliaji mmoja tu uwanjani. Maana yake mshambuliaji anayecheza kila wiki ni mali adimu, kama omena msimu ziwa likifungwa. Kiungo mzuri utampata hata raundi ya nne. Mshambuliaji mzuri raundi ya nne utamtafuta kwa tochi. Wawili wakikaribiana kwa pointi, mshambuliaji ndiye anayechukuliwa kwanza. Umefanya hivyo. Njia: sita kwa sita.

Kisha kumbuka jinsi msimu ulivyoanza. Haaland alifunga magoli matatu dhidi ya Ipswich, akafunga matatu tena dhidi ya West Ham, na baada ya mechi tano alikuwa na magoli 10. Wiki hizo nani alikuita Mia Sitini na Tatu? Halafu Septemba 22, dhidi ya Arsenal, Rodri akaumia goti. Yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya katikati ya Manchester City, na timu iliyozoea ubingwa ikayumba hadi ikamaliza ya tatu. Mwisho wa Machi Haaland mwenyewe akaumia kifundo cha mguu kule Bournemouth, akakaa nje wiki kadhaa. Hakuna kisoda kinachoweza kukuambia hayo mwezi wa Agosti.

Jibu ni jibu, hata hivyo, na sitalipamba. Washambuliaji wenzake kama Alexander Isak (211) na Chris Wood (200) walimpita. Nakupa moja kwa nne. Jumla saba kwa kumi, na mahali nilipofundisha mimi saba si D.

Naye aliyemchukua Salah apewe haki yake. Alikuwa na Cole Palmer wa Chelsea mbele yake, aliyekuwa ameongoza wote msimu uliopita kwa pointi 244, akamwacha. Huo ni uamuzi, si kuokota kilichobaki. Lakini zile 344 ni nyingi kuliko pointi zozote ambazo mchezaji yeyote alikuwa amewahi kupata katika mchezo huu. Jambo ambalo halijawahi kutokea hatuwezi kumdai mtu kwamba alipaswa kuliona. Mpe tano za njia na nne za jibu, tisa, na umpongeze kwa moyo mweupe. Jina lile wakupe likizo.

*

Mwalimu, kila mwaka natoa kisoda cha mwisho. Je, kuna haja hata ya kunisahihisha chaguo la kwanza wakati wazuri wote wameshaondoka?
Muuza mitumba, Nakuru

Ipo, dada, ila chaguo lako la kwanza ni watu wawili. Unachagua wa 10 kisha hapo hapo wa 11. Anayekusahihisha kwa kumtazama yule wa 10 peke yake amekuonea. Watazamwe pamoja, na aliyepata kisoda cha kwanza naye atazamwe pamoja na mchezaji wake wa 20.

Na wa mwisho hana mkosi kama unavyodhani, kwa sababu kinachoumiza si nafasi ya kisoda bali ni pengo. Chukua washambuliaji wa msimu wa 2022/23. Haaland alipata 272. Harry Kane, mwenye magoli 30, akapata 263. Wa tatu alikuwa Ivan Toney na 182. Aliyempata Kane badala ya Haaland alipoteza pointi tisa tu msimu mzima. Aliyefika baada ya Kane kuondoka alianguka pointi 81 kwa hatua moja. Kane na Toney wanaonekana jirani kwenye foleni, kumbe kati yao kuna korongo.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kisoda cha kumi, usiulize "nani bora amebaki?" Baada ya chaguo lako la 11 watapita watu 18 kabla zamu haijarudi kwako. Hesabu kwa vidole ni nafasi gani itakauka kati ya hao 18, uchukue hapo mapema. Msimu wenu ukiisha nitumie majina yako mawili, nitakusahihishia mwenyewe.

*

Mwalimu, sisi tunaigiza ligi ya futiboli ya Wamarekani kwenye kompyuta, hosteli. Klabu ni 32, tunaendesha nane, nyingine zinaendeshwa na programu. Timu yangu ilikuwa mbovu, nikapata chaguo la 2. Nikachukua kwotabeki kijana, yaani yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Msimu wake wa kwanza (kwetu ni kama wiki mbili) amerusha ovyo, na mwenzangu aliyechukua beki, yaani mlinzi, kwa chaguo la 9 anatamba. Wameshaandika kwamba nimefeli. Je, nimefeli?
Mwanafunzi, Maseno

Kijana wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Swali lako ni lile lile la kinyozi, lakini shamba ni jingine.

Kwetu tunachagua wachezaji waliokomaa, na msimu ukiisha tunaanza upya. Kwenu mnachagua chipukizi mtakaokaa nao miaka. Na utaratibu wenu wenyewe una asili yake: NFL, ligi kuu ya futiboli ya Wamarekani, ilianza uteuzi huu mwaka 1936, timu iliyofanya vibaya zaidi ichague kwanza, ili wanyonge wapate kuinuka. Mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia hiyo, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya NFL. Philadelphia Eagles walimchagua, haki zake zikahamishiwa Chicago Bears, hawakuelewana kuhusu malipo, akaenda zake kufanya mambo mengine. Tangu siku ya kwanza chaguo la kwanza limekuwa jambo la kubahatisha.

Kwa hiyo wenzako wamesahihisha karatasi kabla mtoto hajamaliza kuandika. Nakupa mfano mmoja, na uusome polepole. Mwaka 2017 Chicago Bears walikuwa na chaguo la 3. Wakatoa machaguo mengine juu yake ili wapande hatua moja tu, hadi la 2, wamchukue kwotabeki Mitchell Trubisky. Kansas City Chiefs nao wakapanda kutoka la 27 hadi la 10 wakamchukua Patrick Mahomes. Mwaka ule Trubisky alianza mechi 12. Mahomes alikaa benchi nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja, ya mwisho. Kama hosteli yenu ingekuwa Marekani Januari 2018, alama zingekuwaje? Mngempa Mahomes sifuri, maana mtu wa benchi hana takwimu. Msimu uliofuata alirusha pasi 50 za tachidauni, lile goli la kwao, akawa mchezaji bora wa ligi, na tangu hapo ameshinda Super Bowl, fainali ya ligi, zaidi ya mara moja. Trubisky hakukaa Chicago zaidi ya misimu minne.

Ndiyo maana kwa ligi yenu alama za jibu usiziweke kabla ya misimu mitatu. Wewe na wenzako wekeni karatasi ndani ya bahasha.

Alama za njia zinaweza kuwekwa leo, ila nahitaji vitu viwili ambavyo barua yako haikuvitaja. Kwanza, programu yenu inaficha uwezo wa kweli wa chipukizi, inawapa makadirio ya maskauti, sivyo? Basi kadirio la kijana wako lilikuwa na upana gani? Kuna kijana anayekadiriwa kati ya 60 na 90, na kuna wa kati ya 72 na 78. Wote wastani wao ni 75, lakini si watu wamoja. Kwa chaguo la 2, na timu mbovu, kumchukua yule wa upana mkubwa kunaweza kuwa busara, kwa sababu kwotabeki wa 90 habadilishwi na kitu. Kwa timu iliyobakiza hatua moja kufika fainali ningesema kinyume.

Pili, ulilipa nini? Wamarekani wana jedwali la thamani lililotumiwa na Jimmy Johnson alipokuwa kocha wa Dallas Cowboys miaka ya mwanzo ya 1990: chaguo la 1 lina pointi 3,000, la 2 lina 2,600, la 10 lina 1,300. Ona linavyoshuka. Wewe ulikaa na chaguo lako na ukalitumia pale pale. Hukuongeza kitu. Je, kuna aliyekupa ofa ya kushuka hadi la 6 au la 7 akuongezee machaguo mengine, ukakataa bila kupiga hesabu? Kama ndivyo, hapo utapoteza alama. Kama hakuna aliyeuliza, hupotezi.

Na kuhusu huyo wa beki: mwache atambe. Beki hukomaa mapema kuliko kwotabeki, hilo mwambie bila hasira. Amechagua vizuri, nawe hujafeli. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa chumba kimoja.

Nyongeza, kwa sababu najua utapenda. Tulishawahi kuwa na Mkenya kule. Daniel Adongo alitoka kwenye raga, Indianapolis Colts wakamsajili mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza futiboli yao, na mwaka huo huo akaingia uwanjani. Hakupitia raundi yoyote. Kwenye programu yenu kuna orodha ya wasiochaguliwa. Ipekue.

*

Mume wangu kila mwaka anachukua beki raundi ya kwanza, anasema beki akifunga anapata pointi sita. Je, nimkataze?
Mama wa duka, Busia

Usimkataze, muulize ni beki gani. Ni kweli goli la beki ni pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4, na timu isipofungwa beki anapata 4 nyingine. Trent Alexander-Arnold alifika pointi 210 msimu wa 2019/20, na beki wa namna hiyo hata mimi ningemchukua mapema. Lakini alikuwa mmoja. Tangu msimu wa 2025/26 beki anapata pointi 2 akifikisha matendo 10 ya kuzuia katika mechi, yaani kuondosha mpira, kuukinga, kuunasa na kuupokonya. Hilo limewainua mabeki wa kati wengi kwa pamoja, wakakaribiana, na waliokaribiana hakuna haraka ya kuwagombania. Beki wa raundi ya kwanza nampa njia mbili kwa sita, hata akimaliza vizuri.

*

Mwalimu, mwanangu alikuwa na miaka 12 mwaka 2023. Wajomba zake walimkaribisha kwenye ligi yao. Chaguo lake la kwanza lilikuwa Ivan Toney. Wote wakaangua kicheko, kumbe Toney alikuwa amefungiwa hadi Januari. Wakampa E, wakaiandika juu ya picha yake wakaituma kwenye kikundi cha familia. Hajacheza tena tangu hapo. Mwaka huu wanamwita, anakataa, anasema yeye hajui mpira. Anaujua sana. Nimwambie nini?
Mama, Webuye

Mama, barua yako nimeiweka mwisho ili niipe nafasi. Nilipofika pale pa picha niliweka kalamu chini. Kwa miaka yote niliyofundisha sijawahi kusoma alama ya mtoto kwa sauti darasani, wala ya chini wala ya juu. Alama ni ya karatasi. Mwambie hivyo kwanza.

Halafu tusahihishe karatasi yenyewe, kwa sababu mtoto mwenye akili hatulizwi kwa kudanganywa. Kufungiwa kwa Toney kulijulikana. Alifungiwa miezi minane kuanzia Mei 2023 kwa kuvunja kanuni za kuweka dau, na Agosti habari hiyo haikuwa siri. Hatua hiyo aliiruka, na ni hatua ya lazima: kabla ya kutaja jina, hakikisha mtu huyo atakuwa uwanjani.

Lakini hebu angalia hatua nyingine alizoandika. Msimu uliokuwa umeisha washambuliaji watatu wa juu walikuwa Haaland, Kane na Toney. Haaland bila shaka alishachukuliwa na mjomba mmoja. Kane siku zile zile alikuwa njiani kwenda Bayern Munich. Anayefuata kwenye orodha ni nani? Toney, magoli 20, pointi 182. Mtoto wa miaka 12 aliona kwamba washambuliaji watakwisha, akashuka orodha kwa mpangilio, akamfikia aliyebaki wa juu kabisa. Hilo ndilo jambo ambalo leo nimetumia aya nzima kulieleza kwa watu wazima. Nampa tatu za njia kwa sita. E haiko hapo.

Sasa nimwambie na yangu. Ijumaa ya Agosti 11, 2023, saa kumi jioni, tulikaa kumi barazani kwangu. Mvua ya Kakamega ilikuwa inapiga mabati hadi tunapaaza sauti kutaja majina. Nilitoa kisoda cha nne. Nikasema Kevin De Bruyne, kiungo wa Manchester City. Msimu uliotangulia alikuwa ametoa pasi 16 za goli, nyingi kuliko yeyote kwenye ligi, na nililitaja jina lile kwa raha.

Saa nne usiku mechi ya kwanza ya msimu ikaanza, Burnley na Manchester City. Niliitazamia kwenye hoteli moja karibu na stendi, kikombe cha chai mbele yangu. Haaland alifunga mapema, na kijana aliyekuwa amemchagua akaruka juu ya benchi. Dakika ya 23 De Bruyne akajishika nyuma ya paja, akatoka. Chai ilipoa sikuinywa. Alifanyiwa upasuaji, hakurudi hadi Januari. Kwa usiku ule nilipata pointi moja.

Nina daftari la mraba ambalo naandika kila chaguo na sababu yake. Nilirudi nyumbani kwa boda, nikalifungua, nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Njia 6. Jibu 0. Bahati mbaya." Nikalala. Miezi kadhaa niliishi na maneno hayo, na kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo, bahati mbaya, na watu walinihurumia.

Kisha siku moja ya Desemba nikaupitia tena ukurasa ule, kama nilivyokuwa nikipitia karatasi zenye utata, na nikakumbuka kitu. Juni 10, fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Istanbul. Niliitazama kwa macho yangu. De Bruyne alitoka kabla ya mapumziko, dakika ya 36, kwa msuli ule ule wa nyuma ya paja. Miezi miwili kabla ya chaguo langu! Nilijua, lakini sikuiandika kwenye sababu zangu, kwa sababu nilimtaka. Mwanao hakujua kuhusu Toney. Mimi nilijua kuhusu De Bruyne nikanyamaza. Kati yetu wawili, aliyestahili kupunguziwa zaidi alama za njia si yeye.

Nikalifuta lile neno "bahati", nikajisahihisha upya. Tangu hapo kila anayechagua kwangu huandika mstari mmoja wa ziada kabla hatujakubali jina: "Kinachoweza kumweka nje, ninachokijua leo." Jeraha la karibuni, adhabu, uhamisho, Kombe la Afrika. Januari 2024 Salah alikwenda Kombe la Afrika kule Ivory Coast. Kuondoka kwake kulijulikana, na aliyesahau jambo hilo alipunguziwa. Kuumia kwake kwenye mechi na Ghana hakukujulikana, na hakuna aliyeadhibiwa kwa hilo. Mstari huo mmoja umemaliza ugomvi mwingi barazani.

Kwa wajomba nina ombi, na nalitoa kama dada yao mkubwa: ile picha ifutwe, na atakayeifuta amwambie kijana kwamba ameifuta.

Kwa kijana, usimlazimishe kurudi kwenye ligi. Nampa kazi nyingine kwanza. Nimenakili ukurasa wangu wa Agosti 11, 2023, wenye majina yote kumi ya raundi ya kwanza na sababu ambazo kila mtu aliandika. Alama nilizoweka nimezifunika kwa karatasi nyeupe, pamoja na ile niliyojipa mwenyewe, ndiyo maana sijaitaja hapa. Ofisi ya jarida itakutumia bahasha. Mpe kalamu nyekundu, asahihishe wote kumi, sita za njia na nne za jibu, aanze na mimi. Akimaliza anirudishie, tulinganishe.